Uzoefu wangu na Ingenieur 666: fungua mgongo kwanza

Huu ni mwaka wa tatu navaa Ingenieur 666, saa ya zamani ya mkononi ya kampuni ya Uswisi IWC iliyotengenezwa kuhimili sumaku, na ninaipenda kuliko saa yoyote niliyowahi kuwa nayo. Kabla yake nilinunua nyingine ya namba hiyohiyo ambayo haikuwa nzima, nami sikulijua hilo kwa miezi miwili. Ninaandika hasa kwa sababu ya hiyo ya kwanza.

Mapenzi yenyewe yalianzia kwenye saa ndogo ya zamani iliyoandikwa "Antimagnetic" usoni. Usiku mmoja niliilaza juu ya spika, asubuhi nikaikuta imetangulia dakika kadhaa. Fundi aliipitisha kwenye koili ya kuondoa sumaku, ikarudi kwenye mwendo wake papo hapo. Alinionyesha kamani nyembamba kama unywele inayopumua juu ya gurudumu la mizani, akaniambia kwamba sumaku ikiishika, mizunguko yake hunatana, urefu unaofanya kazi unapungua, na saa inakimbia.

Neno lile usoni halikuwa uongo. Saa nyingi za miaka ya 1940 na 1950 zililibeba kwa sababu kamani yake ilikuwa ya aloi isiyoshikwa upesi na sumaku, kazi inayomrudia Charles Édouard Guillaume, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920 kwa utafiti wa aloi za nikeli na chuma. Ila kinga hiyo ni ndogo. Hata kipimo cha kimataifa cha sasa, ISO 764, kinaitaka saa ihimili ampea 4,800 kwa mita, yaani gausi 60 hivi (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Sumaku ya spika ikiwa karibu kabisa na saa huzidi hapo kwa mbali.

Ingenieur ni ukoo mwingine. Ilitoka mwaka 1955, kwa ajili ya watu wanaofanya kazi karibu na mitambo ya umeme, na inahimili gausi 1,000. Rolex walileta Milgauss mwaka 1956 (jina lenyewe linataja gausi elfu), Omega wakaleta Railmaster mwaka 1957, Jaeger-LeCoultre wakafuata na Geophysic mwaka 1958. Wazo lao ni moja: mashine inawekwa ndani ya ganda la chuma laini. Kwenye Ingenieur uso wa saa wenyewe ni chuma, ubavuni kuna pete, na chini ya kifuniko cha nje kuna kifuniko cha pili. Chuma hicho hakiizimi sumaku. Kinaipa njia nyepesi ya kupita, ikazunguka mashine kama maji yaliyochepushwa kuingia mferejini. IWC walikuwa wameshafanya hivyo kwenye Mark 11, saa ya marubani wa jeshi la anga la Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940.

Sasa ile ya kwanza. Muuzaji alinitumia picha nzuri za uso, akrabu na mkanda. Mgongo sikuuomba, nami nikalipa. Ilikuwa inatembea vizuri, mpaka nilipoipeleka ikasafishwe. Fundi alifungua kifuniko cha nje, akainua macho kunitazama: mashine ilikuwa wazi. Kifuniko cha ndani hakikuwepo. Huenda kuna mtu alikitoa wakati wa matengenezo zamani akakisahau mezani. Muuzaji alikataa kuirudisha, na kukipata kifuniko cha asili peke yake ni kazi ya miaka. Mwishowe niliiuza kwa hasara, nikiwa nimempigia mnunuzi picha ya tumbo lake lililo wazi.

Ya pili niliinunua baada ya kuiona imefunguliwa. Nzito kidogo kwa kipimo chake, nene kuliko saa za rika lake, na inakaa juu ya mkono badala ya kujificha. Inajijaza nguvu yenyewe mkono ukitikisika, kwa mtambo wa Albert Pellaton wa IWC, ambao huikaza kamani kuu inayoiendesha saa rota (kipande kizito kinachozunguka ndani) ikizunguka upande wowote. Ukiitikisa taratibu karibu na sikio unasikia mnong'ono mwororo ambao siuchoki. Inatangulia sekunde nane hivi kwa siku. Nafanya kazi kati ya kompyuta, simu na spika mchana kutwa, na sekunde hizo nane hazijabadilika.

Jambo moja liliwahi kunitia hofu bure. Nilisogeza dira karibu na saa, sindano ikageuka, nikadhani imeshikwa na sumaku. Kumbe chuma laini huivuta sindano hata kikiwa safi. Tofauti ni hii: chuma safi huvuta ncha zote mbili, chuma chenye sumaku huisukuma mojawapo. Na saa ya aina hii ikishikwa kweli, usiipitishe kwenye koili ikiwa imefungwa, kwa sababu ganda lilelile litaikinga na tiba. Mashine lazima itolewe kwanza. Wala usiijaribu kwa zile sumaku ndogo kali za siku hizi. Zikigusa saa, nguvu yake huzidi gausi elfu.

Adui wake mkubwa ni unyevu. Chuma laini hushika kutu, na kwa kuwa uso nao ni chuma, kutu huanzia chini ya rangi na kuinyanyua kama vipele. Ukiviona kwenye picha, achana nayo hata kama muuzaji anaviita alama za umri. Uso uliopakwa rangi upya nao niliukwepa, hasa ule ambao mstari wa radi chini ya jina umechorwa mnene.

Kwa hiyo ukimwandikia muuzaji, omba picha tatu kabla ya kuuliza bei: kifuniko cha nje kwa ndani, kifuniko cha pili kikiwa mahali pake, kisha mashine kikiwa kimeondolewa. Anayesita nisingemfuata tena.

Kifuniko cha ndani cha saa yangu ni cha kijivu kilichofifia, kina michubuko ya bisibisi na maandishi madogo ya wino ambayo fundi fulani aliyaacha alipoihudumia. Fundi wangu alitaka kukisugua king'ae. Nilimwomba akiache hivyohivyo.