Uzoefu Wangu na Sanduku la Wapanda Farasi wa Naseby, 1645

Nilinunua masanduku matatu ya askari wapanda farasi wa plastiki, wa kimo cha milimita 28, kwa nia moja tu: kuunda, kwa mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa dadu, ubavu wa kulia wa jeshi la Bunge la Uingereza kama ulivyosimama katika vita vya Naseby dhidi ya mfalme tarehe 14 Juni 1645, chini ya Oliver Cromwell. Ninaishi Leicester, mji ambao jeshi la Mfalme Charles I liliuteka kwa nguvu wiki mbili tu kabla ya vita hivyo, na uwanja wenyewe wa Naseby haufiki mwendo wa saa moja kwa gari kutoka nyumbani kwangu. Kwa sababu hiyo sikutaka kikosi cha kupendeza macho tu; nilitaka kikosi ambacho mtu anayevijua vita vile akikiona mezani akitambue mara moja.

Idadi ya sanamu inafaa sana. Kila sanduku lina wapanda farasi 12, na rejimenti ya farasi katika jeshi jipya la Bunge ilipangwa kuwa na watu 600, yaani kombania sita za watu 100 kila moja. Ukihesabu sanamu moja kwa watu 50, sanduku moja linakupa rejimenti kamili, nawe unaweza kuigawa katika mafungu mawili ya sanamu sita bila kubakiza hata moja.

Uchongaji nao ni wa kusifiwa. Koti la ngozi nene, ambalo ndilo vazi lililomtambulisha askari huyu, limeanguka juu ya mapaja kwa mikunjo mizito kama ngozi halisi, si kama kitambaa. Bamba la kifua na la mgongo yapo, mikanda imeonyeshwa, na bastola mbili zimekaa kwenye mifuko yake mbele ya tandiko. Kofia ya chuma yenye mkia wa vipande vilivyopandana imechongwa pamoja na zile fito tatu za kukinga uso, nyembamba mno lakini hazijavunjika hata moja. Sanduku lina pia vichwa vya ziada vyenye kofia zilizofunika uso wote, kwa mtu anayetaka askari waliovaa vyuma mwili mzima. Hivyo nimeviacha. Rejimenti ya Sir Arthur Haselrig wa upande wa Bunge, ambayo watu waliiita kamba wa baharini kwa wingi wa vyuma vyake, ilipigana Roundway Down mwaka 1643. Kufikia Naseby mavazi ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuwa adimu.

Malalamiko yangu makubwa ni farasi. Wote wanakwenda shoti, shingo zimenyooshwa, miguu ya mbele imetupwa mbali. Kwa wapanda farasi wa Prince Rupert, kamanda wa farasi wa mfalme, ningelikubali hilo kwa furaha. Kwa watu wa Cromwell ni kosa, kwa maana nguvu yao haikuwa mbio bali mpangilio. Cromwell mwenyewe, katika barua aliyoandika baada ya mapambano ya Grantham mwezi Mei 1643, alieleza kwamba vikosi vyake vilisonga kwa mwendo wa matiti, yaani wa haraka lakini usiofika shoti. Askari hao walikaa karibu karibu, goti kwa goti, na baada ya kumvunja adui waliweza kukusanywa tena na kugeuzwa. Ukifuata vitako vilivyomo sandukuni, yaani vibao vya kusimamishia sanamu, farasi wanasimama mbali mbali kiasi kwamba kidole kinapita katikati yao, na mpangilio wote unapotea.

Nimetumia jioni nyingi kurekebisha jambo hili, na naona lilistahili. Nimewabandika farasi watatu watatu kwenye kipande kimoja cha ubao chenye upana wa milimita 60, hata viatu vya wapanda farasi vikakaribia kugusana. Kwa farasi wanne wa mstari wa mbele nilikata mguu mmoja wa mbele kwenye goti kwa kisu chembamba, nikausugua kwa tupa, kisha nikaubandika tena ukiwa umekunjwa chini ya kifua. Pengo nililijaza kwa gundi ya plastiki, nikasubiri siku nzima kabla ya kulisugua. Mshono wa tumboni unahitaji uangalifu huohuo, kwa kuwa kila farasi ametengenezwa kwa nusu mbili na rangi huonyesha kila ulipoacha mstari.

Katika kupaka rangi, koti la ngozi ndilo lililonifundisha zaidi. Nilianza na rangi ya haradali iliyopauka, nikapitisha kahawia nyepesi yenye maji mengi, na ilipokauka nikarudisha haradali kwenye mabega na magoti tu. Wekundu wa makoti uliolipa jeshi hilo sifa ulikuwa hasa wa askari wa miguu, hivyo asijaribiwe mtu kuwavika nyekundu hawa. Farasi nimewapa kahawia za aina nne na weusi wawili. Wa kijivu nimempa mpiga tarumbeta peke yake, ili macho yamwone kwanza.

Katika sanduku la pili nusu mbili za farasi mmoja hazikuwamo. Muuzaji alijibu baada ya wiki tatu na akaleta zilizopungua, lakini kwa bei ya sanduku hili mteja asingepaswa kusubiri hivyo.

Wiki iliyopita tuliviweka vikosi mezani kwa mara ya kwanza. Mwenzangu aliongoza jeshi la mfalme, na Rupert wake akafanya yaleyale aliyoyafanya kwenye uwanja wenyewe: alimvunja Ireton, kamanda wa farasi wa Bunge, upande wangu wa kushoto, dadu za kumzuia zikakataa, na farasi wake wakatoka mezani wakiifukuzia mizigo ya jeshi langu. Upande wa kulia, rejimenti ya Whalley, ile yenye farasi wanne niliowakata miguu, iliisukuma nyuma mistari ya Langdale, kamanda mwingine wa farasi wa mfalme. Nikatupa dadu kuona kama itatii. Ikatii, ikasimama palepale na mafungu yake mawili yakiwa bado yameshikana, nami nikaigeuza taratibu kuelekea ubavu wa askari wa miguu wa mfalme.

Sanduku la nne nimekwisha kuliagiza.