Starlet EP82: gari ya kuanzia mbio za vumbi bila kuuza kiwanja

Tuanze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Toyota Starlet EP82, milango mitatu, namba A, gia za klachi, nimeitoa Tabata kwa milioni tatu na laki nne. Dalali alianzia tano. Akaanza kushuka aliponiona natandika boksi chini na kuingia uvunguni na tochi.

Gari ya mashindano inanunuliwa huko uvunguni. Kwa Dar injini haimnyimi mtu usingizi, zimejaa Gerezani. Balaa ni kutu. Gari iliyolala Kigamboni miaka mingi ikipigwa upepo wa chumvi itawaka kwa stata moja na rangi itang'aa, kumbe sakafu imebaki ganda. Hii niliinua kapeti upande wa dereva nikagonga na kinyundo: chuma kizima. Kwenye shimo la tairi la spea palikuwa na tundu la kupitisha kidole, nikalisamehe, hapo ni welda na kipande cha bati. Ila juu ya shokapu ya mbele kulia palikuwa pamepakwa pati. Pale ndipo gari inapopokea kila shimo, kwa hiyo nikaikwangua na bisibisi mwenye gari akiwa amesimama. Chini chuma kilikuwa kimekunjika kidogo, hakijaoza. Laki kadhaa ziliondoka hapohapo.

Vijana wananiuliza kwa nini nisichukue Toyota Altezza. Tamu, sibishi: inasukuma kwa tairi za nyuma, ile RS200 ya gia 6 ina injini ya 3S-GE ya nguvu farasi 210. Lakini ina zaidi ya kilo 1,300, wakati Starlet haifiki 850. Uzito huo utaulipia kwenye tairi, breki na petroli. Na hizo za klachi zilizobaki mjini, nyingi zimeshateswa usiku na wenyewe.

Kwenye vumbi, injini ya Starlet, 4E-FE ya cc 1331, haitishi mtu, ila gari ni nyepesi na inavuta vizuri kutoka chini. Ukiingia kona kwa pupa pua inateleza nje, usukani unakuwa pambo tu. Achia mafuta, gusa handbreki, mkia unakuja wenyewe. Inakulazimisha kujifunza, kwa sababu hakuna nguvu ya kuficha ujinga wako. Breki za mbele ndizo dhaifu. Zinachoka mapema, pedi nzuri zisikose kwenye bajeti.

Joto pia liangalie. Fundi mmoja alishashika spana tayari kunitolea themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, "ili isichemshe". Kataa kabisa. Injini ikikosa themostati haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni ya baridi, inazidi kumwaga petroli. Safisha rejeta, hakikisha feni inawaka, weka themostati mpya.

Ukitaka kuongeza nguvu, usihangaike kutafuta 4E-FTE, injini ya turbo ya Starlet Glanza. Ni adimu na wauzaji wanajua hivyo. Angalia Toyota Raum za zamani. Zina 5E-FE ya cc 1496, ukoo uleule wa injini, na gia boksi ya Starlet inabaki palepale. Ichukue pamoja na waya zake zote na kontroli boksi (kompyuta ya injini), usikubali kuuziwa injini tupu, halafu kadi ya gari ikabadilishwe namba ya injini.

Pesa iliyobaki yote ipeleke kwenye keji, ile fremu ya mabomba ndani ya gari inayokulinda ikibingirika. Mafundi watakuletea mabomba ya maji yenye mshono, eti ni yaleyale. Si yaleyale, gari ikibingirika mshono ndio unaofunguka. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, wanataka bomba la chuma lisilo na mshono, na upinde mkuu nyuma ya dereva uwe wa milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Nenda dukani na kalipa yako (kile kipimo cha unene), pima mwisho wa bomba kabla hujalipa. Keji yangu, pamoja na kiti na mikanda, imekula zaidi ya bei ya gari yenyewe. Mke wangu anadhani ni kinyume chake, naomba tuache hivyo.

Viti vya nyuma na redio vimebaki tu stoo, anayehitaji aje avichukue.