Loga ya kupima maji kisimani: nzuri, ila usiinunue peke yake

Hii loga nimekaa nayo mwaka na ushee, kwenye visima vya ardhioevu moja tulioziba mitaro yake ili maji yarudi juu. Ni kijidude cha chuma kama kalamu nene, unakifunga kwenye waya usiovutika, unakitumbukiza ndani ya bomba unaenda zako, chenyewe kila dakika 15 kinarekodi presha, ambayo ndo inakuambia maji yamefika wapi, ukirudi baada ya miezi unakuta data yote ipo. Hata mafuriko yakipita juu ya bomba hakina habari. Betri iko poa ila imefungiwa humo humo, siku ikifa basi tena.

Sasa kasheshe. Aina hii inapima presha ya maji pamoja na ya hewa iliyoyakalia, kwa mkupuo mmoja, na hektopaskali 1 (kipimo cha presha) ya hewa inaonekana kama sentimita 1 ya maji. Aliyeniuzia akasema ile ya kupima hewa utaongeza baadaye, na mimi nikakubali, mjinga mimi. Chati ya kwanza ikaja na mawimbi mazuri kweli, maji yanashuka toka saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, nikashangilia, nikajua matete yameshika kasi yanakunywa, nikataka na kupiga hesabu yanakunywa kiasi gani kwa ile njia ya mtafiti White ya 1932, ya kuangalia maji yanavyorudi usiku. Mwenzangu akachungulia laptopu akauliza, mbona saa nne usiku yanaanza kushuka tena hadi saa kumi alfajiri, hayo matete yanakunywa usiku wa manane? Nilikosa la kusema. Ilikuwa hewa tu, presha yake inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, wakati mimea inavuta mchana tu.

Nilipopata loga ya hewa nikatoa presha ya hewa kwenye hesabu, likabaki wimbi dogo la mara moja kwa siku, hilo ndo matete.

Na usiiache tepu ya mkono, ile inayolia ikigusa maji (ukuta wa bomba ukiwa na unyevu nayo inadanganya, inalia kabla). Mimi baada ya kutoa data waya ulirudi vibaya kwenye ndoano, ardhioevu "ikapanda" sentimita 6 bila tone la mvua, tepu ndo ikaniumbua.

Nyota 4. Ile ya tano namkata muuzaji.