Jamovi kwa data za "kabla na baada": inafaa, ila ina pengo moja

Anayelinganisha majibu ya watu walewale kabla na baada ya mradi, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno au afisa wa mradi wa maji katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, hana haja ya kununua programu ya takwimu. Jamovi ni ya bure, imejengwa juu ya R (lugha ya kompyuta ya takwimu), inafungua faili za CSV, Excel na SPSS, na ukishaiweka kwenye kompyuta haili bando.

Kazi ngumu huja kabla hujaifungua. Kila kaya iwe na mstari wake mmoja: nambari ya kaya, jibu la kwanza, jibu la pili. Kama raundi mbili za hojaji ziko kwenye faili mbili, ziunganishe kwa VLOOKUP (fomula ya Excel ya kutafuta nambari ya kaya na kuleta jibu lake) na umalizie fomula kwa FALSE, yaani nambari zilingane kabisa. Ukiiacha, Excel inaweza kukuchukulia jibu la kaya nyingine bila onyo lolote. Kagua nambari pia, maana "017" iliyoandikwa kama maandishi na 17 ya tarakimu hazitakutana.

Kwa alama au shilingi, tumia jaribio la t la jozi (Paired Samples T-Test), linalopima wastani wa mabadiliko ya kila kaya. Weka tiki kwenye Mean difference (wastani wa tofauti) na Confidence interval (masafa ya uhakika, yaani kiwango ambamo tofauti ya kweli huenda imo), kwa sababu hazijiwashi zenyewe, na thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kama hakuna mabadiliko ya kweli) peke yake haimwambii mfadhili mabadiliko ni makubwa kiasi gani. Kisha tazama df (digrii za uhuru), ambayo hapa ni idadi ya kaya zilizotumika toa moja. Ukiwa na kaya 120 na df ni 104, kaya 15 zimeachwa nje kwa kukosa jibu moja. Tafuta ni akina nani. Kama ni waliohamishwa na mafuriko, matokeo yako hayawasemei.

Maswali ya ndiyo na hapana ndiyo yenye pengo. Tuseme kati ya kaya 120, waliokuwa wakitibu maji ya kunywa ni 54, baadaye 72. Waliobadilika kutoka hapana kwenda ndiyo ni 30, na waliorudi nyuma 12. Jaribio la McNemar, la majibu ya ndiyo na hapana ya watu walewale, ambalo hutazama hao 42 waliobadilika tu, linatoa khi-mraba (kipimo cha takwimu ambacho p hutokana nacho) 7.71 na p karibu 0.005. Wengi huzipima raundi hizo kama makundi mawili tofauti, na hapa wangepata khi-mraba 5.41 na p 0.02, kwa kuwa uhusiano wa jibu la kwanza na la pili umetupwa.

Jamovi inakupa McNemar vizuri, lakini haitoi masafa ya uhakika ya tofauti yenyewe. Itabidi uyapige kwa kikokotoo. Tofauti ni (30 − 12) ÷ 120, yaani asilimia 15. Kosa sanifu (kipimo cha jinsi tofauti hiyo inavyoweza kuyumba): 42 toa 18² ÷ 120, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, gawanya kwa 120, unapata 0.052. Zidisha kwa 1.96, na masafa ya asilimia 95 yanatoka karibu asilimia 5 hadi 25. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye ripoti, pamoja na p.

Waliobadilika wakiwa wachache, tuseme chini ya 25, tumia chaguo la exact (hesabu kamili isiyo ya makadirio) badala ya khi-mraba.