Netsuke mbili: ya kwanza nilipigwa, ya pili safi

Jamani hivi visanamu vya Kijapani vinavyoitwa netsuke (tamka netske) vimeniteka kweli, hasa vya ile miungu saba ya bahati, Shichifukujin. Cha kwanza nilinunua mtandaoni dola 80, muuzaji kaandika ni cha zama za Edo (Japani ya karne ya 17 hadi 19), cha mfupa, Ebisu, mmoja wa hao saba, kakumbatia samaki wake tai, sio tai ndege ni samaki kama changu hivi. Kimefika, kukishika tu nikajua nimepigwa. Chepesi, halafu ubavuni kuna kamstari kanashuka toka kichwani mpaka miguuni, alama ya kalibu, yaani plastiki ya kumimina imepakwa rangi ya chai ionekane ya zamani. Nimedai hela, muuzaji kimya mpaka leo.

Cha pili nilifuata mwenyewe Kyoto, soko la hekalu la Toji, hufanyika kila tarehe 21. Mzee mmoja ana Hotei, mwingine wa wale saba, wa mti mgumu uitwao tsuge, mdogo kama ndimu, kitambi kinang'aa kwa kushikwashikwa. Nikamgeuza nione matundu ya kamba. Kimono, vazi la Kijapani, haina mifuko, so wanaume walining'iniza kifuko cha tumbaku kwa kamba inayopita nyuma ya mkanda, netsuke inakaa juu kuzuia kisidondoke. Kwa Hotei tundu moja ni kubwa, ndo fundo linajificha humo, na kingo zake zimelika laini kabisa ukipitisha ukucha haukwami. Za yule Ebisu zilikuwa kali kama zimetobolewa jana! Yen 38,000, iliniuma ila sijutii.

Alikuwa pia na Daikoku, naye wa wale saba, wa pembe za ndovu kakalia magunia ya mchele na panya wake, aisee kazi ile, hadi mkia wa panya una mikunjo. Nikamrudisha. Tangu marufuku ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) ya 1989, ambayo Tanzania ilikuwa kati ya walioipendekeza, kuvuka mpaka na pembe hata ya kale ni kujitafutia kesi, na mimi mtu wa Moro tembo nimekua nikiwaona wakivuka barabara pale Mikumi, ningemweka kabatini nikimwangalia vipi?

Ebisu wa plastiki kachukuliwa na mwanangu, anaoga naye kwenye beseni.