Tathmini: Uchunguzi wa HPV ya kinywa kwa daktari wa meno

Huduma hii ya kutafuta kinywani dalili za HPV (virusi vinavyoweza kuleta chunjua na saratani) ina thamani pale tu daktari anapotumia mikono yake, si macho pekee. Uchunguzi kamili ni wa dakika chache: anapapasa shingo pande zote mbili, anashika ulimi kwa kitambaa cha shashi na kuuvuta huku na huku aone kingo zake, kisha anabonyeza chini ya ulimi. Chunjua ndogo, ambayo mara nyingi huletwa na HPV aina ya 6 au 11, hukatwa kwa ganzi na kupelekwa maabara. Hapo tunampa alama zote.

Udhaifu uko kooni. Saratani ya HPV aina ya 16 hujificha kwenye mafindofindo na shina la ulimi, ambako kioo cha meno hakifiki. Uvimbe wa shingoni usiouma, au kidonda kilichozidi wiki 3, unatakiwa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Yeye hupitisha kamera puani na kuchukua kinyama kipimwe p16, protini inayoashiria kuwa saratani imetokana na HPV. Kliniki inayorudia antibayotiki kwa uvimbe uleule inampotezea mgonjwa muda wa thamani.

Kipimo cha mate cha kutafuta HPV hatukipendekezi. Maambukizi mengi huondoka yenyewe, na ukijibiwa kuwa unavyo virusi, hakuna dawa ya kuviondoa.