Ivy House, Nunhead: baa ya majirani

Baa hii ya kusini-mashariki mwa London ilijengwa miaka ya 1930 na kampuni ya bia ya Truman's. Enzi hizo baa za Uingereza zilitenganisha vyumba kitabaka: vibarua kwao, wenye nafasi kwao, kwa bei ya juu kidogo. Leo kuta zake za mbao ni za wote, na ukumbi wa nyuma wenye jukwaa ndio fahari yake kubwa.

Ilifungwa 2012. Wakazi wakaisajili kama mali yenye thamani kwa jamii, ya kwanza nchini. Usajili huo husimamisha uuzaji kwa miezi sita kikundi cha wenyeji kikitaka kununua. Walifanikiwa 2013, wakiwa wanahisa 371. Kazi ya kupigiwa mfano!

Agiza na ulipie kaunta. Ukikaa mezani ukisubiri mhudumu utakaa sana. Painti ni mililita 568, na nusu ipo. Bia ya pipa hunywewa kwenye nyuzi 11 hadi 13, si barafu. Ikiwa na ladha ya siki, pipa limekaa wazi muda mrefu na hewa imeiharibu: irudishe mapema, kabla hujaimaliza.